Udongo wa Chini ya Sapini

Jumanne, tarehe 12 Machi 1957. Mvua ilikatika kabla ya jogoo wa kwanza, na kulipopambazuka ukungu ulikuwa umelala juu ya kilima cha Kirolirwe, mzito na wa baridi, hata ng'ombe walisikika kabla hawajaonekana. Upepo haukuwapo. Harufu ya sapini, ile misonobari ya Wazungu, ilijaa kila mahali, kali kama ya chupa za dispensari.

Kanamugire alitoka nje na rozari mkononi, akaegemea mlango wa zizi. Ng'ombe wake saba walimtazama. Zamani walikuwa ishirini na wawili. Hawa waliobaki mbavu zao zilihesabika hata ndani ya ukungu.

"Leo watavuka," alisema mke wake Athanasie kutoka jikoni.

"Leo."

"Na sisi tutavuka pamoja na wengine."

Kanamugire alisogeza shanga moja ya rozari, kisha akasahau ni Salamu Maria ya ngapi, akaanza upya.

Jumapili iliyopita, baada ya sala, Makuza alikuwa amesimama mbele ya kapela na kutoa habari iliyowafanya watu wapige vigelegele ingawa ilikuwa Kwaresima. Makuza ndiye aliyewasimamia wachungaji wa kilima kile, familia kumi na moja. Alisema chifu mwenye ardhi amewakubalia malisho ya Ng'ambo, ule mteremko mrefu ulio upande wa pili wa kijito. Huko majani yalikuwa bado yanafika magotini. Huko hapakuwa na sapini. Siku ya Jumanne, saa nne ya asubuhi, ng'ombe wote wangevuka.

Kila mtu alishukuru. Kanamugire peke yake alirudi nyumbani kama mtu aliyetoka kuzika, kwa sababu alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Ng'ombe wakivuka, watabeba katika kwato zao kitu kilekile kilichoua upande huu. Na alijua nani aliyekileta.

Kilianza mwaka 1943, katika pepinyeri, yaani kitalu cha miche cha Muzungu mmoja aliyeitwa Gustave. Huyo Gustave alitaka kupanda sapini juu ya kilima chote cha mashariki, apate mbao. Mbegu zililetwa kwa meli na kwa lori kutoka mbali. Kanamugire, ambaye alikuwa amehamia Kirolirwe kutoka Rwanda na ng'ombe wake miaka minne tu kabla yake, alipata kazi ya kumwagilia maji asubuhi na jioni.

Mbegu ziliota vizuri. Zilifika urefu wa kidole. Kisha zikageuka njano, zikasimama, zikafa. Gustave alitia mbolea ya ng'ombe. Zikafa. Akatia majivu. Zikafa. Akajenga kivuli cha mafunjo, akakibomoa, akawakaripia wafanyakazi kwamba wanamwagilia maji ya baridi mno, kisha kwamba wanamwagilia maji ya moto. Mwaka wa pili ukawa vilevile.

Mfanyakazi mwenza wa Kanamugire alikuwa Isidore, mtu wa msitu, mzaliwa wa Walikale, mfupi, mwenye mikono mipana, aliyecheka kila neno lake mwenyewe. Siku moja Isidore aling'oa mche uliokufa, akausafisha mzizi kwa mate, akauinua juani.

"Angalia," alisema. "Muzizi iko uchi."

"Uchi namna gani?"

"Kule kwetu mu pori, ukichimba chini ya muti mukubwa, muzizi inavaa nguo. Nyuzi, nyeupe, kama utando wa buibui. Muti inakula kupitia ile nyuzi. Mvua ikinyesha, ile nyuzi njo inatoa uyoga, siye tunakula uyoga, tunashiba wote." Akacheka. "Huyu mutoto wa Bulaya amekuja bila mama yake na bila nguo. Atakufa tu."

Gustave alikuwa karibu, akasikia, akaomba aelezwe polepole. Hakucheka. Alikaa siku mbili akisoma vitabu vyake na kuandika barua. Jibu lilipofika aliwaita Kanamugire na Isidore, akawatuma katika misheni moja ya kale upande wa pili wa ziwa, ambapo mapadri walikuwa wamepanda sapini kabla ya vita ile ya kwanza, na zilikuwa zimekubali. Hakuwatuma kuleta mbegu wala miche. Aliwatuma kuleta udongo wa chini ya miti ile, vitunga viwili.

Walitembea siku tano kwenda na siku sita kurudi. Vitunga walivibeba kichwani, vimefunikwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, na kila walipopumzika waliunyunyizia udongo maji kwanza, ndipo wakanywa wao. Ndani ya udongo mweusi Kanamugire aliona kwa macho yake zile nyuzi alizosema Isidore. Zilikuwa nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga.

Gustave aligawa ule udongo kiganja kwa kiganja, kila mche na sehemu yake. Baada ya miezi miwili kitalu kizima kilikuwa kijani. Miche ilikimbia kwenda juu. Gustave alivua kofia na kuwapa mkono wafanyakazi wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Kanamugire alimshukuru Mungu kwa machozi, kwa maana aliona ndani ya jambo hilo huruma ileile aliyoonyeshwa yeye mwenyewe alipofika ugenini.

Kama angeishia hapo, sapini zingebaki kule mashariki, na malisho yangebaki malisho.

Lakini anayefuga ng'ombe Masisi anajua adui yake ni tope. Mvua inanyesha miezi tisa, zizi linageuka uji, na kwato zinaoza. Kila asubuhi watu wa nyumba huzoa mavi ya ng'ombe, hufagia, na kutandika majani makavu ili mnyama alale pakavu. Mtu hupimwa kwa tandiko la zizi lake. Mke akiwa na zizi lenye maji, wakwe zake wanamsema. Na katika miezi ya mvua majani makavu hayapatikani.

Kanamugire alikuwa ameona kwamba chini ya miche mikubwa ya pepinyeri kulijaa vijani vyembamba vya sapini, vikavu kama nyasi za paa hata mvua ikinyesha. Aliomba ruhusa ya kuvizoa pamoja na udongo wa matuta ya zamani, na Gustave akamkubalia, tena kwa furaha, maana kitalu kilibaki safi. Akatandika zizini mwake. Ng'ombe wakalala pakavu. Baada ya wiki tatu kwato zikapona, na yule jike mweusi aliyekuwa akichechemea akaanza kukimbia.

Majirani waliona. Na yeye hakuwa mtu wa kula peke yake. Alijaza kitunga, akampelekea Makuza. Akajaza kingine, akampelekea Nyirabahire, mjane aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu. Nyumba zote kumi na moja zilipata, mwaka ule na miaka iliyofuata, na kila nyumba ilimshukuru.

"Ng'ombe yangu siku hizi inalala kama bibi ya chifu," Nyirabahire alimwambia. "Inanitazama na zarau. Inangoja nimuletee chai."

Hivyo ndivyo ulivyotembea ule udongo. Ulitoka katika mazizi kumi na moja ndani ya kwato za ng'ombe zaidi ya mia mbili, ukapanda malisho, ukashuka kwenye maji, ukazunguka kilima chote, siku baada ya siku, miaka mitano. Hakuna aliyeona kitu. Hakukuwa na kitu cha kuona.

Mwaka 1951 sapini za mashariki zilikomaa. Matunda yake magumu kama mbao yalipasuka juani, na mbegu zenye bawa moja zikaruka na upepo juu ya kilima chote. Miche ya kwanza ilionekana pembeni mwa njia za ng'ombe. Watu walifurahi, wakisema kuni zimejileta. Athanasie mwenyewe aliacha mitatu nyuma ya nyumba ili impe kivuli.

Mwaka uliofuata ilikuwa mamia. Baadaye hakuna aliyeweza kuihesabu. Iliota kwenye njia, kwenye mavi, kwenye mahali pa kunyweshea, mahali popote ambapo ng'ombe aliwahi kusimama. Chini yake majani ya malisho yalififia na kufa, na uyoga wa kahawia, wenye utelezi, ambao hakuna aliyethubutu kuula, ulitokeza kila baada ya mvua. Watu waling'oa. Walikata. Walichoma moto, na juu ya majivu miche ikaota mingi zaidi. Gustave alikuwa amekwisha kurudi kwao. Waliokuja baada yake walisema kila sapini ni mali ya shamba na aliyeikata atafungwa, kwa hiyo watu wakawa wanang'oa kwa kujificha, kama wezi ndani ya malisho yao wenyewe. Maziwa yalipungua. Watoto wa kilima kile walianza kuwa na nywele nyekundu za njaa.

Kanamugire alifikiri kama wengine wote kwamba ni upepo. Alisali upepo ugeuke. Ndipo Januari ya mwaka huu, akinywesha ng'ombe kijitoni, aliinua macho akaangalia Ng'ambo, na wazo likamwingia moyoni kama kisu. Upepo ni uleule. Mbegu ni zilezile, alikuwa ameziona zikivuka juu ya maji kama panzi. Kwa nini huko hakuna miti?

Alivua viatu, akavuka peke yake, akainama kwenye majani. Miche ilikuwapo. Ilikuwa maelfu. Yote ilikuwa na urefu wa kidole, ya njano, inakufa. Ilikuwa ileile miche ya Gustave ya mwaka wa kwanza. Aling'oa mmoja, akautemea mate mzizi, akauinua juani.

Ulikuwa uchi.

Akarudi upande wake, akang'oa mwingine. Mzizi wake ulikuwa umevaa.

Alikaa chini pale pale mpaka ng'ombe wakajirudia nyumbani wenyewe.

Mwezi wa Februari alifunga safari kumtafuta Isidore, ambaye alikuwa amerudi kwao na kupata kazi ya barabara huko Mubi. Alipita Kingi, akapita Masisi penyewe, akashuka kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto, na siku ya nane akaingia chini ya miti ile mirefu ambayo haionyeshi jua. Moyoni alibeba swali moja tu, nalo alikuwa akilisali kama litania kila hatua: huondolewa namna gani?

Isidore alimpokea kwa kelele. Alikuwa amenenepa. "Kanamugire! Weye bado muzima? Bado munakunywa ile maji nyeupe inatoka ku mukia ya nyama?"

"Haitoki ku mukia."

"Iko karibu na mukia." Akacheka mpaka akakohoa, akamwita mkewe Léontine alete chakula, kisha akauona uso wa mgeni wake, akakaa karibu naye.

Kanamugire alifungua jani la mgomba, akamwonyesha miche miwili, ule wa uchi na ule uliovaa. Akamweleza yote, tandiko la mazizi, vitunga, kwato. Isidore alisikiliza bila kutabasamu hata mara moja. Mwisho alichukua mche uliovaa, akaunusa mzizi.

"Mulitandika ng'ombe na ule udongo?"

"Tulitandika."

"Yesu." Akauweka chini taratibu. "Kaka, udongo ule uko muzima. Ule haiko udongo, ule ni kama chachu ya mukate. Ulidhani umebeba nini ku kichwa siku sita?"

"Nilidhani nimebeba dawa."

"Ilikuwa dawa. Ya sapini."

"Sasa niambie namna ya kuuondoa."

Isidore aligeukia msitu nyuma ya nyumba yake. "Baba yangu, mbele ya kukata muti mukubwa, alikuwa anaongea nayo kwanza. Padri alimukataza, lakini aliendelea. Alisema hakati muti mumoja, anakata ukoo muzima, sababu chini kule yote imeshikana mikono. Ukikata, uzi inabakia. Ukichoma, inabakia. Inakaa inangoja."

"Inangoja mupaka wakati gani?"

"Weye utazeeka mbele yake."

"Lakini inaondoka namna gani, Isidore? Nimetembea siku nane."

"Haiondoke," alisema Isidore kwa sauti ya chini. "Inabebwa tu. Kama bado kuna mahali haijafika, muichunge ile mahali. Njo yote najua."

Léontine alileta sahani ya uyoga wa msituni, uliopikwa kwa mawese. Kanamugire aliutazama, akashindwa kuumeza.

Hayo yote Kanamugire aliyarudia kichwani asubuhi hii, ameegemea mlango wa zizi. Alikuwa amemweleza mtu mmoja tu, mkewe, tangu arudi. Sasa Athanasie alitoka jikoni akijifuta mikono, akasimama mbele yake.

"Najua unafikiri nini. Usiseme."

"Athanasie."

"Ukisema, watatufukuza. Twende wapi? Rwanda tulishatoka, nyumba ya baba yako inalala watu wengine. Huku watatuita wachawi. Mutoto wa Daphrose hajapata maziwa tangu Jumatano, na yeye ni mutoto wa binti yako, haiko mutoto wa njiani."

"Na nisiposema?"

"Usiposema, ng'ombe watakula."

"Miaka ngapi?"

"Miaka yoyote! Kumi! Kwa miaka kumi mutoto anakuwa mukubwa." Alilia bila sauti, akiwa amesimama wima. "Mungu aliona ulifanya kwa moyo muzuri. Alikuona wakati unabeba. Kwa nini hakukuangusha njiani?"

Kanamugire alikuwa amemuuliza Mungu swali lilelile, na Mungu alikuwa amenyamaza wiki nane. Alichukua panga dogo la kuchimbia, akashuka kwenda kijitoni kuchimba miche miwili, mmoja wa kila ukingo.

Saa nne ilipokaribia ukungu ulipanda na Ng'ambo ikajitokeza, kijani, pana, imejaa umande. Ng'ombe waliiona. Walianza kulia wote kwa pamoja, sauti ya njaa, na wanaume waliwazuia kwa fimbo. Makuza alikuwa mbele, amevaa koti lake la Jumapili. Karibu naye alisimama katekista Narcisse, aliyeitwa kuja kubariki safari. Kanamugire alikuwa amekwisha simama katikati ya kivuko, maji yakimfika chini ya magoti.

"Kanamugire!" Makuza aliita kwa furaha. "Ng'ombe zako ziko wapi? Ao umekuja kubatizwa mara ya pili?"

Watu walicheka.

"Makuza, kaka yangu, naomba musivuke."

Kicheko kiliendelea kidogo, kisha kikakatika.

Akasema yote. Alisema bila mpangilio mzuri, akirudi nyuma na kwenda mbele, akiinua mche uliovaa kwa mkono wa kuume na mche wa uchi kwa mkono wa kushoto. Alitaja vitunga viwili. Alitaja kila nyumba aliyoipelekea tandiko. Alisema kwamba kitu kile kiko katika kwato za ng'ombe wote waliosimama pale, na kwamba Ng'ambo inasimama bado kwa sababu moja tu, hakuna ng'ombe wa Kirolirwe aliyeikanyaga.

Alipomaliza, aliitupa miche yote miwili ukingoni.

Nyirabahire alikuwa amekaa juu ya jiwe, kamba ya ng'ombe wake mmoja mkononi. "Kwa hiyo kile kitunga ulinipa," alisema polepole, "kile nilikuimbia wimbo juu yake."

"Njo kile, Mama."

"Mmh," alisema mama mzee, akaikaza kamba.

Mwanamume mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Uyoga! Miaka sita tunakufa na njaa, anatuletea habari ya uyoga!"

"Purofesere wa uyoga!" alisema mwingine, na wachache walicheka tena, lakini Makuza hakucheka. Alikuwa ameingia majini na koti lake la Jumapili, akasimama karibu na Kanamugire, uso kwa uso.

"Nilikuwa na ng'ombe makumi ine," alisema. "Nimebakia na kumi na moja. Nilikutetea siku wenyeji walisema siye watu wa kuja tuko na laana. Na ni weye?"

"Ni miye."

"Na unanijia leo. Leo!"

"Nilikuwa na woga. Hata leo niko nao. Lakini majani iko kule, tunaweza kuikata na mundu. Watu wavuke, wanawe miguu kwanza, wakate, walete mafungu huku. Ng'ombe wabakie. Ile mahali itapona."

"Ng'ombe mia moja kwa mundu? Na watu gani? Angalia hawa watu, wana nguvu gani?"

"Tumusikilize kidogo, Makuza," katekista Narcisse alisema kutoka ukingoni. "Muntu hawezi kujishitaki bure hivi."

"Nimemusikia. Nimeamini." Makuza aligeuka kuwaangalia watu wote, na sauti yake ikapasuka. "Mumesikia? Nimeamini kila neno. Lakini ng'ombe yangu haiwezi kula neno. Ikibakia huku, Pasaka haitaiona. Ikivuka, nitapata miaka. Nitachagua nini, Narcisse? Nifundishe, weye ulisoma."



Basi jike la mbele, ambalo hakuna aliyelichapa wala kulizuia, liliingia majini lenyewe. Likafuatwa na jingine. Kanamugire alipiga magoti ndani ya kijito. Alishika mguu wa kwanza kwa mikono miwili, akasugua ukwato, akachokonoa tope kati ya vidole vyake kwa kucha, akaomba Bwana nisaidie, akashika mguu wa pili. Ng'ombe alimvuta, akapita. Wengine walikuja kulia na kushoto kwake. Alimshika mwingine, akakosa. Tope la kahawia lilichafua maji yote, hata akawa anasugua asichokiona. Kwato zilimkanyaga mkono. Ng'ombe themanini, tisini, walipita pembeni yake kama maji yanavyopita pembeni mwa jiti lililokwama, na alipoinua kichwa wa kwanza walikuwa wamekwisha inamisha vichwa katika majani ya Ng'ambo, wakila kwa kelele.

Hakuna mtu aliyempiga. Hilo lingekuwa rahisi zaidi.

Ndipo ng'ombe wake saba, waliosikia wenzao, wakashuka kilima wakikimbia, wamevunja mlango wa zizi, na Athanasie nyuma yao akiita. Walifika ukingoni. Kanamugire alisimama, maji yakimtiririka, damu ikimtoka vidoleni, akawanyooshea mikono yote miwili. Yule jike mweusi, mzee sasa, alimsukuma kifuani kwa paji la uso. Kanamugire hakumpisha.

"Waache wapite!" Athanasie alilia. "Imekwisha! Huoni imekwisha? Zote zimevuka! Saba itaongeza nini?"

Alisema kweli, na watu wote walijua anasema kweli. Hata Makuza, upande wa pili, alimpungia mkono kana kwamba anasema njoo tu, na wewe njoo. Nyirabahire peke yake alikuwa bado amekaa juu ya jiwe upande huu, amekaza kamba ya ng'ombe wake, akimwangalia Kanamugire, akingoja.

Kanamugire aliona mteremko mzima mbele yake jinsi utakavyokuwa, mweusi, kimya, bila jani, na hakuona mlango wowote wa kutokea. Alitafuta sala, hakuipata. Akavua kofia. Akasema kwa sauti ambayo pande zote mbili za kijito ziliisikia:

"Narcisse, uwe shahidi. Mama Nyirabahire, uwe shahidi. Makuza, na weye, na ninyi wote munanisikia, na Athanasie bibi yangu anisamehe. Mbele ya Mungu: ng'ombe zangu hazitavuka haya maji, hata moja, hata kama nitazika zote saba huku. Na miye, kila siku Mungu atanipa, nitanawa miguu, nitavuka, nitang'oa ku mikono kila sapini inaota kule Ng'ambo. Najua hazitaisha. Nitang'oa tu."